Mtamba Mwekundu na Kompyuta ya Vipande

Baba alimuuza mtamba mwekundu mnadani, na mimi sikwenda. Sikutaka kumwona akitolewa zizini. Kwetu, binti ndiye anayetarajiwa kuingiza ng'ombe. Siku ya mahari wanafika na vumbi lao, majirani wanajipanga kwenye ua wa minyaa kuwatazama mmoja mmoja, na mama wa binti siku hiyo anatembea kama mtu aliyeongezwa urefu. Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kumtoa ng'ombe badala ya kumleta, tena kwa ajili ya kitu ambacho baba hakuwa na jina lake. Alikiita mashine ya kuandikia.

Habari za mnadani alinisimulia huku anachonga mpini wa jembe, bila kuinua macho. Mzee mmoja wa rika lake alimuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Hapana. Kuna msiba? Hapana.

"Sasa mtamba mzuri hivi unamuuzaje, na majani bado mabichi?"

Baba akasema binti yake anaandika vitabu. Yule mzee akacheka, akawageukia wengine. "Mabinti wa wenzake wanaleta. Wa kwake anasomba."

Baba alilirudia neno hilo, anasomba, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu mkononi. Kisha akaendelea kuchonga. Hakuniambia nisimwangushe. Angeniambia, huenda ningelala vizuri zaidi.

Riwaya yangu wakati huo ilikuwa ndani ya simu. Niliiandika kwa vidole gumba, nimeegemea ukuta wa chumba nilichopanga Bariadi, mpaka simu inapata joto na inabidi niilaze kwenye sakafu ya saruji ipoe. Kisha betri ikaanza kuvimba. Kifuniko cha nyuma kiliinuka kidogo kidogo, na kila asubuhi nilikipitishia kidole kuona kimefika wapi. Nilikuwa na watu ndani ya simu ile, mwanamke na mume wake na mto uliokauka, na nilihisi wanapumua hewa inayopungua.

Fundi niliyemtegemea nilisoma naye chuo Mwanza. Siku hizi ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi ya Bariadi, na ananiita dada ingawa tunalingana umri. Nilipomwambia ninataka laptop ya mtumba, alikunja uso.

"Kwa hela hiyo utapata iliyochoka. Na ikifa, inakufa yote. Tujenge ya mezani, dada. Kikiharibika kiungo kimoja, tunabadilisha kiungo kimoja."

Lilikuwa neno la busara, lakini lilinifungulia mlango wa hofu ambayo sikuwahi kuijua. Nilikuwa nimezoea vitu vinavyouzwa vikiwa vizima: jembe, sufuria, ng'ombe. Kumbe kompyuta ni ndoa za watu wengi kwa pamoja. Prosesa, ile inayofikiri, lazima ikubaliane na madabodi, ubao unaobeba kila kitu. Madabodi lazima ikubaliane na ram, kumbukumbu yake ya muda. Pawa saplai, boksi linalogawa umeme, lazima liwabebe wote bila kuwaunguza, na kwetu umeme unaweza kupungua taa ikawa ya njano na kurudi kwa kishindo saa ile ile. Hakuna kitu nilichoweza kukipenda peke yake. Nikipata prosesa nzuri, madabodi yake ilikuwa ghali. Nikipata madabodi ya bei nafuu, prosesa zake zilikuwa zimezeeka. Nilikaa kwenye benchi la kibanda cha fundi mchana kutwa nikitazama picha za vipande kwenye matangazo ya watu wa Mwanza na Dar, na kila nilipoamua, tumbo liliniambia siyo hicho.

Kitu pekee alichokataa tukibanie pesa ni pawa saplai. Nilimwonyesha moja iliyokuwa na taa za rangi ubavuni, bei nusu. Akaipima mkononi, akanirudishia. "Hii nyepesi. Ndani ni hewa na taa. Umeme ukikasirika, hii ndiyo itawaua wengine wote." Tukachukua nyingine, nyeusi, nzito, isiyo na pambo lolote. Baba angeipenda.

Monita ndiyo iliyotangulia. Kafe moja ya intaneti kule Maswa ilikuwa imefungwa na mwenyewe anauza vitu, nikaipata ikiwa na mkwaruzo mmoja pembeni. Likafuata kasha la chuma, halafu pawa saplai, halafu madabodi ndani ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa. Prosesa ilikuwa bado. Chumba changu kikaanza kujaa, nami nikaanza kuogopa kutoka. Wiki hiyo hiyo wezi walikata nondo za dirisha la jirani, mwalimu wa shule ya msingi, wakachukua televisheni, jiko la gesi na hata pasi. Nilimpigia baba. Nilisikia ng'ombe wakilia nyuma ya sauti yake, pengo la mmoja likiwa miongoni mwao.

"Kila kitu umekiweka hapo hapo?"

"Ndiyo, baba."

"Mayu," akasema, na akiniita mama namna hiyo huwa ameshaamua. "Nani alikufundisha kuweka mali zizi moja?"

Hakuhitaji kuniambia zaidi. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani. Anawabilisha: mmoja kwa shemeji, wawili kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ugonjwa ukiingia, au wezi, au ukame, visiwamalize wote. Anayetunza anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na siku ya kumrudisha ng'ombe humwachi mtunzaji mikono mitupu, lazima kitu kibaki. Nilikua nikiwa najua ng'ombe wetu wako wapi kama wengine wanavyojua miji mikuu ya Afrika.

Kwa hiyo nikaibilisha kompyuta. Monita nikaipeleka Binza, kule Maswa, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kasha, na pawa saplai ndani yake, likaenda Lingeka, kule Meatu, kwa mjomba. Madabodi, ram na diski, ambavyo ni vidogo, nilivifunga kwenye khanga nikaviweka ndani ya ndoo ya mchele.

Fundi aliposikia, alikaa chini kabisa.

"Dada, vitu hivi vinajaribiwa vikiwa pamoja. Muuzaji anakupa siku za kujaribu. Zikipita, umeme wake, shida zake, ni zako."

"Vikikaa pamoja vitaibiwa pamoja."

"Umetoka chuo, zizi limebaki kichwani."

"Na wewe je? Si mna ng'ombe kwa wajomba zako Meatu?"

"Ng'ombe hana waranti," akasema, na wateja wake wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nililicheka neno waranti njia nzima mpaka nyumbani, na nilipofika sikucheka tena.

Prosesa nilikwenda kuinunua mwenyewe Mwanza, kwa sababu fundi alikuwa na kazi ya ofisi fulani. Alinitajia aina ya kununua. Dukani, kijana wa kaunta akaniwekea mbili mbele yangu. Ile niliyotajiwa, na nyingine ya bei ile ile.

"Hii nyingine ina nguvu zaidi," akasema. "Huku unapata mbio kubwa kwa hela hiyo hiyo. Chaguo lako."

Nilimpigia fundi. Simu iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nyuma yangu wateja walikuwa wamesimama, mmoja anagongagonga funguo. Nikajikuta ninafanya kile nilichomwona baba akifanya maisha yangu yote: nimesimama kimya, natazama kifua, natazama mgongo, naacha nguvu iniite. Nikachukua yenye nguvu.

Basi la kurudi lilipopita Nassa, ziwa likiwa upande wa kushoto na mpunga wa watu upande wa pili, mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba umeshika kile kiboksi. Kilikuwa kidogo kuliko viberiti viwili. Nilifikiri: mguu wa mbele wa mtamba, na bega, na labda shingo, vimekaa humu. Fundi akanipigia tukiwa karibu na Lamadi. Nikamwambia nimepata nzuri zaidi. Akauliza ipi, mtandao ukakatika, na alipopata tena laini tulizungumza habari ya kasha.

Kasha lilikuwa Lingeka, na Lingeka mjomba alinisalimia kwa furaha na wasiwasi.

"Mwangaluka, mpwa wangu. Lile kabati lako la chuma lipo, lipo kabisa. Ila kuna mtu ndani."

Alikuwa ametoa pawa saplai akaifunga vizuri kwenye mfuko wa mbolea na kuiweka juu ya kabati la nguo, kwa heshima zote. Lakini kasha, kwa kuwa lina upande mmoja wazi na liko kwenye kona yenye giza, kuku alikuwa ameliona linamfaa. Alikuwa ameketi mle juu ya majani makavu, macho yake ya duara yakinitazama bila aibu.

"Mjomba, ninalihitaji wiki hii."

"Najua. Lakini utamfukuzaje mzazi?"

Mjomba, kama mtunzaji, alikuwa anakunywa maziwa yake. Nilirudi Bariadi na pawa saplai peke yake, nikasubiri mayai ya kuku yaanguliwe, huku siku za kujaribu zikipita moja baada ya nyingine na mimi nikijua zinapita. Nilishindwa kuandika. Nilifungua sura ya saba kwenye simu, nikaona betri imeinua kifuniko kiasi cha kupitisha ukucha, nikaifunga. Mama alipiga kuniambia kwamba yule mzee wa mnadani alikuwa amepita nyumbani kunywa maji, akauliza kama mashine imeshazaa. Baba alimjibu kwamba ina mimba.

Kasha lilipofika, limeoshwa lakini bado lina harufu ya banda, tulikubaliana tukaunganishe kila kitu Binza, kwa shangazi. Monita ilikuwa kwake, meza yake ni kubwa, na umeme wa mtaa ule haurukiruki sana. Nilikwenda na fundi asubuhi. Baba alikuwa ameshafika. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kofia gotini.

Hapo ndipo nilipojua monita yangu ilivyokuwa ikiishi. Shangazi alikuwa ameiunganisha na king'amuzi. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila jioni wanawake wa mtaa walikuja kutazama tamthilia wakiwa na vigoda vyao.

"Unaichukua leo?" akaniuliza.

"Tunaijaribu leo, shangazi."

"Maana yule bibi harusi bado hajajua kwamba mume ni kaka wa adui yake. Anajua kesho kutwa." Akatoa kitambaa taratibu, akakikunja mara mbili, akakishika mkononi.

Fundi alifunga vipande mchana ule wote. Nilimshikia skrubu kwenye kisosi. Aligusa chuma cha dirisha kila mara kabla ya kushika madabodi, ili umeme wa mwilini utoke, na baba akaanza kumwangalia kwa makini zaidi, kama mtu anayeona mwenzake ana miiko. Prosesa aliiweka mahali pake haraka, akapaka ile dawa ya kupozea, akafunga feni juu. Hakusoma maandishi yake. Aliamini nimeleta aliyonitajia au nzuri zaidi, kama nilivyosema.

Akabonyeza kitufe.

Feni zikazunguka. Taa ndogo ikawaka. Shangazi akapiga vigelegele vifupi, kisha akanyamaza, kwa sababu monita ilibaki nyeusi. Ikaandika neno moja la kusema haipati kitu, ikazimika. Fundi akabadilisha waya. Nyeusi. Akatoa ram, akaipuliza, akairudisha. Nyeusi.

"Mbona tamthilia inaonekana?" shangazi akauliza. "Jana tu imeonekana vizuri."

Sikumtazama baba. Nilitazama kofia yake, na vidole vyake vikiizungusha pembeni, polepole, kama anayetafuta mahali palipofumuka.

"Amekufa?" akauliza.

"Hajafa, mzee," fundi akasema. "Anapumua. Ila haoni."

Akafungua tena feni, akafuta dawa kwa kitambaa, akainama kusoma. Aliponigeukia uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dada. Hii haina picha ndani yake."

Alieleza kwa upole, zaidi kwa baba kuliko kwangu. Kuna prosesa zinazotoa picha zenyewe. Nyingine zimenyimwa picha, zimepewa nguvu tu, zinunuliwe na watu wenye kadi ya picha ya kuchomeka pembeni. Kadi hiyo peke yake ni bei ya kila kitu kilichokuwa pale mezani. Laiti tungeijaribu siku niliyotoka Mwanza, ingerudishwa siku ya pili. Sasa siku zilikuwa zimeliwa na kuku.

Nje mtu alikuwa anauza dagaa kwa sauti. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitalia mbele ya koti la kanisani la baba yangu. Mtamba mwekundu alikuwa amekatwa vipande, akasambazwa wilaya tatu, na nilipomkusanya nimekosa kumpa macho.

Baba aliweka kofia kichwani.

"Ngoja nielewe. Ana nguvu?"

"Sana, mzee."

"Lakini hatoi maziwa."

Fundi akafikiri. "Ndiyo. Hatoi."

"Nilitoa mtamba," baba akaniambia, "wewe ukaleta dume." Sikujua kama ananikemea. Akasimama. "Dume anabadilishwa. Hilo duka liko wapi?"

Tulikwenda Mwanza kesho yake, mimi na yeye, kiboksi kikiwa mfukoni mwa koti lake. Njiani hakusema neno hata moja juu ya pesa wala juu ya yule mzee. Aliniuliza mto wa kwenye kitabu changu ni upi. Nikamwambia ni wa kubuni. Akasema mito ya kubuni hukauka vilevile.

Kijana wa kaunta alinikumbuka, akaanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza salamu. Siku zimepita. Sheria ya duka. Baba hakubishana. Aliomba kiti. Akaketi, akatazama rafu zote kwa utulivu, madabodi zimening'inia, feni, waya, ram ndani ya kioo.

"Ninyi mnauza kama buchani," akasema hatimaye. "Moyo peke yake, mguu peke yake. Halafu mtu akamfufue nyumbani."

Kijana akacheka bila kutaka. "Ndivyo ilivyo, mzee."

"Sasa mimi sikulaumu. Umeuza dume, dume ni mzima, hana kilema. Binti yangu alihitaji wa maziwa. Hata mnadani, mtu akija kesho yake na dume mzima, hatumrudishii pesa. Ila hatumfukuzi. Tunamtafutia mtamba mdogo kuliko dume wake, na faida anaacha kwetu." Akatoa kiboksi mfukoni, akakiweka juu ya kioo, akaondoa mkono. "Una mtamba mdogo?"

Kijana alimtazama baba, akanitazama mimi, akaingia ndani kuzungumza na mtu. Tulisubiri muda mrefu. Nilisoma bei ya kila kitu kwenye rafu ili nisisikilize sauti za nyuma ya pazia. Ninajua bado bei ya feni zote za duka lile. Kisha akarudi na prosesa nyingine isiyo na boksi, ya kizazi cha nyuma, imefungwa kwenye karatasi laini. Ina picha. Haina mbio. Imetumika. Hakuna kurudishiwa chenji.

"Wabeja," baba akamshukuru, akainuka. Lakini mimi sikuinuka. Nilimwomba kijana, kwa sauti iliyonitoka nyembamba, aijaribu hapo hapo tukiwa tunaona. Akaijaribu. Picha ikatokea kwenye monita yao, anga la buluu na vilima vya kijani, na baba akakivuta kiti karibu, akavitazama vile vilima kwa muda, akauliza ni wapi huko na kama kuna maji.

Binza, feni zilipozunguka na maandishi meupe yakapita juu ya weusi, shangazi hakupiga vigelegele. Alishika kitambaa chake. Nikakumbuka kwamba bado sijaacha kitu. Mjomba alikuwa amepata vifaranga vyake, lakini shangazi nilikuwa ninamnyang'anya ng'ombe bila kumwachia hata kamba. Nikamwambia kompyuta itabaki pale pale mezani. Asubuhi hadi alasiri ni yangu. Ikifika saa ya bibi harusi, nachomoa, anachomeka king'amuzi.

"Na mimi nikupikie?" akauliza.

"Ukipenda, shangazi."

"Andika basi. Usiharibu macho ya watu," akasema, akiipangusa monita kwa kitambaa chake.

Nikarudisha chumba cha Bariadi, nikahamia kwake. Nilihamisha riwaya kutoka kwenye simu sura moja moja, na kila sura ilipofika niliifungua kuhakikisha watu wamo. Mashine ni nzito kuamka. Nikifungua vitu vingi inasita, kama mtu anayetafuta jina. Taa ya nyumba ikipungua rangi mkono wangu unakimbilia swichi, na mara nyingine ninasimama katikati ya sentensi kusikiliza kama feni imebadili sauti. Sijazoea. Fundi anasema nitazoea, lakini fundi hakumuuza mtamba.

Baba hupiga kila asubuhi, kabla hajafungua zizi. Hatuulizani habari ya kitabu.

"Ng'ombe wetu amelalaje?"

Ninaweka kiganja juu ya kasha, pale ambapo harufu ya kuku haijaisha, nasubiri mtetemo wake mdogo ufike kwenye ngozi.

"Amelala salama, baba."

"Anaona?"

"Anaona."

Husubiri kidogo kabla ya kukata, kana kwamba na yeye anasikiliza.